Ridhaa, kulipwa ama MMA? Mi naanza na vile refa anasimamisha

Mpwa wangu ana miaka 21, anapigana kilo 60, na wiki mbili zilizopita alinijia na maneno mawili kwa mpigo. Kuna promota anataka kumtoa ridhaa amwingize ndondi za kulipwa, raundi sita moja kwa moja bila kuanzia nne, na kuna rafiki yake wa mazoezi anamvuta kwa MMA, yale mapigano ya ngumi, mateke na kukabana mpaka chini, ati huko ndio dunia inaenda. Tulikuwa kwa kibanda Kaloleni tunakula chapo madondo, akaniuliza, anko, kama ni wewe ungeenda wapi? Nikamwambia nitakujibu lakini sianzii pesa, naanzia vile watakusimamisha siku mambo yakikataa. Akacheka mpaka supu ikamwingia puani. Kwake kusimamishwa ni kushindwa, na nani huchagua mchezo kwa kuangalia vile atashindwa?

Basi huyo mtu ni mimi. Nilipigana ridhaa kitambo, timu ya taifa sikuifika wala kuikaribia, nikaishia kona, mtu wa ndoo, taulo na vaselini. Ukikaa kona miaka na miaka unaacha kuangalia ngumi zinazorushwa unaanza kuangalia zile zinazopokelewa, na hapo unaona kila mchezo una njia yake ya kusema imetosha, nani anasema na anasema lini, na mabondia wengi hawajui hata wao wenyewe wako chini ya sheria gani mpaka siku imewapata.

Refa wa mapema na refa wa kuchelewa

Huu ndio ubishi wa kila Jumapili asubuhi, watu wamekesha wakiangalia mapambano ya Marekani. Mtu amepigwa, ameyumba, refa ameingia kati, na meza nzima inapiga kelele "ameharibu, si angemwacha!" Angemwacha afanye nini, na wewe uko hapo na soda yako baridi.

Wacha niwaweke wawili pamoja. Machi 17, 1990, Las Vegas, Julio César Chávez na Meldrick Taylor. Taylor alikuwa anaongoza kwa kadi za majaji wawili kati ya watatu, kazi yake ilikuwa tu kumaliza raundi ya 12 akiwa wima. Chávez akamwangusha sekunde za mwisho kabisa, Taylor akainuka akashika kamba, refa Richard Steele akamuuliza kama yuko sawa, akamuuliza tena, Taylor kimya, anaangalia upande wa kona yake, Steele akapunga mikono, pambano limeisha, Taylor ameshindwa. Zilikuwa zimebaki sekunde 2. Mbili! Kuna wazee hawajamsamehe mpaka wa leo. Mimi hiyo video nimeiangalia mara nyingi kuliko ya harusi yangu na kila mara naishia palepale, mtu ameulizwa swali la ndio ama la na hana jibu, sasa refa aangalie saa ya nini? Na huyo Taylor alikuwa ameshavunjika mfupa wa uso na amemeza damu yake mwenyewe usiku kucha. Kwangu Steele alikuwa sawa. Nimeitwa mwoga kwa kusema hivyo, nimezoea.

Upande ule mwingine kuna Machi 24, 1962, Madison Square Garden, Emile Griffith na Benny Paret. Raundi hiyohiyo ya 12, Paret amebanwa kwa kona, kamba zinamshikilia asianguke, na Griffith anapiga tu kwa vile hakuna mtu amemwambia aache. Refa alikuwa Ruby Goldstein, si mgeni wa kazi, lakini aliingia akiwa amechelewa. Paret alifariki Aprili 3. Angekuwa katikati ya ulingo angeanguka na kuanguka kungemwokoa, ndio maana siku hizi sheria nyingi zinamruhusu refa kuhesabu kwamba umeangushwa kama anaona ni kamba tu zinakusimamisha. Mpwa wangu hakuwa anajua hiyo sheria, na ana miaka minne ulingoni.

Sasa pima makosa yenyewe. Refa akikosea kwa kuwahi, hasara ni gani? Novemba 2013 kule Uingereza, Howard Foster alisimamisha Carl Froch na George Groves raundi ya 9 wakati Groves bado anajibu ngumi, na Groves alikuwa amemwangusha Froch raundi ya kwanza. Kelele ilikuwa nyingi na mimi hapo nakubali, aliwahi. Lakini kelele hiyohiyo ndio ilizaa marudiano, Mei 31, 2014, Wembley imejaa watu kama 80,000, Groves akalipwa pesa ambayo hakuwa ameshika maishani, akapigwa nokauti ya kweli raundi ya 8 na hakuna aliyebisha tena. Kosa la kuwahi lilirekebishwa baada ya miezi kama sita. Familia ya Paret ingerekebishiwa nini?

Wasee wa base huwa wananijibu kwamba bondia mwenyewe ndiye anajua hali yake. Hapo ndio mi huwa nawatajia Wangila wetu. Robert Wangila, dhahabu ya Olimpiki Seoul 1988, Mkenya wa kwanza kuichukua kwa ndondi, jina ambalo kila mtu hapa Nairobi analikumbuka na wachache wanakumbuka lilivyoisha. Julai 1994, Las Vegas, anapigana na David Gonzales, refa Joe Cortez akasimamisha raundi ya 9. Wangila alilalamika. Alikuwa amesimama, anaongea, anasema yuko sawa na hakutaka kusimamishwa. Baadaye akiwa chumba cha kubadilishia akazimia na hakuamka tena, akiwa na miaka 26. Kwa hivyo yule refa ambaye ulingoni alionekana amewahi, kwa hesabu ya ubongo alikuwa tayari amechelewa. Damu ikivuja ndani ya fuvu inaweza kuchukua muda kabla haijaanza kubana, na huo muda wote mtu anaongea vizuri kabisa, anabisha, hata anakudai pesa yake. Kwa hivyo mtu akikwambia "niko poa" hujapata habari yoyote.

Mi naangalia miguu

Watu huangalia uso, damu, jicho limevimba. Damu ya nyusi ni mbaya kwa picha lakini mara nyingi ni ngozi tu. Mi naangalia miguu kwanza. Bondia mzima akirudi nyuma anakanyaga na kidole halafu kisigino, aliyechanganyikiwa anakanyaga na soli yote mara moja, paa paa, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Halafu naangalia kama ngumi ikija anaiona. Si kama ameikinga, kuna ngumi hata bingwa hazikingi, ila macho yake yameifuata? Akipigwa jebu tatu za kawaida na kichwa kinarudi nyuma zote tatu bila hata kufumba jicho, huyo ameshaenda nyumbani, kilichobaki ni mwili na mazoea. Kinga ya meno ikianza kuning'inia nje ya mdomo pia naiandika kichwani.

Kuna pia kupepesa macho. Februari 1995, London, Gerald McClellan akipigana na Nigel Benn alianza kupepesa pepesa macho ovyo raundi za katikati, wengine wakadhani ni ujanja ama ni jasho. Raundi ya 10 akapiga goti mwenyewe, akahesabiwa mpaka kumi, akarudi kona akaanguka. Aliishi lakini macho yalipotea. Mtu mkali kama yule akipiga goti bila kuangushwa, hiyo si kukata tamaa, huyo anakwambia kitu hana maneno yake.

Hesabu ya ndondi na MMA isiyohesabu

Hapa ndipo mpwa wangu alidhani nitamkataza MMA na nikamshangaza.

Ukiitazama kwa mara ya kwanza MMA inatisha. Dada yangu, mama yake huyu kijana, aliangalia nusu dakika kwenye simu akaniambia zima hiyo kitu. Mtu ameanguka na mwenzake anamfuata chini kumwongezea! Kwenye ndondi ukianguka unapewa hadi kumi, mwenzako anatumwa kona ya mbali, inaonekana ni ubinadamu. Lakini fikiria hizo sekunde ni za nini. Ubongo umetikiswa mpaka miguu imekatika, halafu unapewa muda wa kutosha kuonekana mzima, unafutwa glavu, unaambiwa piga hatua mbili mbele, na unarudishwa kupigwa tena palepale. Hesabu haikuponyi, inakupa tu nafasi ya kupokea zaidi.

Najua, najua, Tyson Fury. Desemba 2018 na Deontay Wilder raundi ya 12 alilala kama maiti, Jack Reiss akahesabu kwa utulivu badala ya kupunga mikono, Fury akainuka na akamaliza pambano likawa sare. Refa mwingine angemaliza pale na tungekosa kitu ambacho hata mimi nilipiga mayowe. Sikatai. Lakini tazama Francis Ngannou, Machi 2024 kule Riyadh na Anthony Joshua. Ameangushwa raundi ya 1, akahesabiwa akainuka. Raundi ya 2 ameangushwa tena, akahesabiwa tena akainuka. Mara ya tatu akalala kabisa. Huyo ni mtu wa MMA, na kwa mchezo wake wa nyumbani nadhani kile kichapo cha kwanza ama cha pili kingemaliza kazi na refa angekuwa juu yake, ngumi ile ya tatu isingekuwepo.

Sheria ya MMA inasema ukiacha kujitetea kwa akili pambano limeisha, hakuna kumi wala nane. Refa anakwambia pigana, jitetee, toka hapo, na usipofanya kitu anakulalia. Novemba 2022 New York, Israel Adesanya dhidi ya Alex Pereira, raundi ya 5, Adesanya bado yuko wima kwa miguu yake na refa Marc Goddard akasimamisha. Watu walilia ooh amewahi. Aprili 2023 Adesanya akarudi akamlaza Pereira raundi ya 2. Angeachwa mwezi wa kumi na moja akule zile ngumi tatu nne zaidi, unadhani Aprili tungemwona vile?

Ubaya wa MMA nao upo na si mdogo. Glavu ni aunsi 4, ni kama kitambaa. Raundi ni dakika 5, na dakika tano ukiwa chini ya mtu ni kama safari ya Mombasa. Na refa wake lazima awe karibu na awe na mbio, juu mtu akizimia akiwa anaanguka mwenzake hajui, atapiga ngumi mbili tatu za bure kabla hajavutwa, na hizo za bure kwa kichwa kisicho na shingo iliyokaza ndizo mbaya zaidi. Refa mzito ama anayejifunza kazi, kwa ndondi atakuchelewesha sekunde chache, kwa MMA sekunde hizohizo ni ngumi sita.

Halafu kuna kabali. Hapo kila mtu anajisimamisha mwenyewe, unagonga mara mbili kwa kiganja kusema nimekubali imeisha, na ndondi haimpi mpiganaji mlango kama huo bila aibu, ila kama aibu umeileta mwenyewe kutoka nyumbani. Na vijana wetu wanaileta. Nimeona mtu mazoezini anabanwa shingo, uso umekuwa rangi ya zambarau na hagongi, ati hawezi kugonga mbele ya watu. Kabali ikishika mishipa vizuri unalala ndani ya sekunde chache tu, refa anainua mkono wako, ukianguka kama nguo imetoka kwa kamba anasimamisha. Ukiachiliwa mapema unaamka unauliza nini kimetokea. Refa asipoinua huo mkono kwa wakati, hiyo ni habari nyingine.

Kickboxing sitakaa sana, imeshika hesabu kama ndondi na ikaongeza teke la kichwa, kwa hivyo kwa hili swali langu imechukua ubaya wa kwanza ikaongeza mwingine. Samahanini wenye klabu.

Ridhaa na kulipwa, jina moja lakini kazi mbili

Watu wanadhani ni mchezo ule ule, mmoja wa fulana mwingine bila. Kwa kusimamisha ni mbali kabisa. Ridhaa ni raundi 3 za dakika 3 kwa wakubwa. Refa anaweza kukuhesabia nane ukiwa umesimama kwa miguu yako, hujaanguka popote, ameona tu umetikisika. Sheria za pamoja za kulipwa kule Marekani hazina hiyo ya kuhesabiwa ukiwa wima, ni uendelee ama isimamishwe, kwa hivyo refa anabaki na maamuzi mawili makali na kwa sababu yote ni makali huwa anangoja. Kwa ridhaa ukihesabiwa mara tatu kwa raundi moja imeisha, na kwa kadi inaandikwa RSC, refa amesimamisha, na Jumatatu unaenda kazini kama kawaida. Ukipigwa nokauti kwa kichwa unakaa nje angalau siku 30, hakuna sparingi, yaani kupigana kwa mazoezi, hakuna nini. Wakati mwingine kijana analia nje ya Muthurwa ati refa amemwonea, na mimi nimesimama hapo na begi lake nafurahi kimya kimya.

Ndio, kofia za kinga ziliondolewa kwa wanaume wakubwa, Rio 2016 walipigana vichwa wazi, kwa hivyo ridhaa si kitanda cha sufi. Lakini dakika tisa ni dakika tisa.

Kulipwa kinachoniogopesha hata si nokauti. Nokauti kila mtu anaiona, refa hahitaji akili. Kinachoua ni kile kichapo cha polepole, raundi ya tano umepoteza, ya sita umepoteza, ya saba unapokea ngumi ishirini lakini unarudisha nane kwa hivyo refa anasema bado anapigana. Hakuna ngumi hata moja unaweza kuionyesha useme ni hapa. Novemba 1982 Kim Duk-koo alienda hivyo na Ray Mancini mpaka raundi ya 14, akafa, na ndio WBC, moja ya mashirika ya mikanda ya dunia, wakatoa raundi 15 wakaweka 12. Novemba 2013 New York, Magomed Abdusalamov alimaliza raundi zote 10 na Mike Perez, hakuangushwa, hakuna mtu alisimamisha, na baadaye akaenda hospitali kwa teksi kama anaenda kutembelea mgonjwa. Ubongo ulikuwa unavuja damu. Hajawahi kuwa mzima tena.

New York hiyo, yenye kila kitu. Sasa fikiria Nairobi, pambano limeisha saa mbili usiku kwa ukumbi wa mtaa, ambulensi iliyoahidiwa "iko njiani", na Jogoo Road imefungana kutoka mzunguko mpaka mzunguko. Kwa hivyo refa wa hapa kwetu anafaa kuwa wa mapema kuliko refa wa Las Vegas, juu yule wa Vegas ana skani ya kichwa karibu na sisi tuna jam. Hii naisema kila mahali na sijaona mtu akiijibu.

Refa, daktari, taulo

Kwa karatasi refa ndiye mwenye neno la mwisho karibu kila mahali. Daktari anamshauri, kona inarusha taulo ama inapanda ulingoni kusema imetosha. Kwa kweli ni watu watatu ambao kila mmoja anangoja mwenzake.

Daktari ni mzuri sana kwa kile anachoweza kushika. Novemba 2019, Nate Diaz na Jorge Masvidal, ngozi ya jicho imepasuka, daktari kamulika tochi baada ya raundi ya 3 akasema hapana, na mashabiki wakamzomea. Lakini ule ubutu wa akili unaokuja taratibu, daktari aliyekutana na huyu mtu leo asubuhi akimpima uzani, atajuaje ni ubutu ama ndivyo alivyo?

Kona ndio inajua. Manila, Oktoba 1, 1975, Joe Frazier jicho limefunga, raundi moja tu imebaki dhidi ya Muhammad Ali, na kocha wake Eddie Futch akakataa asiinuke kwa raundi ya 15. Frazier hakutaka. Futch hakumuuliza maoni. Na 2020 Mark Breland, kocha wa kona ya Wilder, alimrushia Wilder taulo raundi ya 7 kwenye marudiano na Fury, Wilder akamfuta kazi. Hiyo ndio bei ya taulo, unaokoa mtu anakufuta, na ndio maana wengi wetu tunaishika tu.

Na hata ukirusha unaweza kuwa umechelewa. Julai 2019 kocha Buddy McGirt alimbembeleza Maxim Dadashev kwenye kigoda baada ya raundi ya 11, kijana anakataa, McGirt akasimamisha hata hivyo. Siku nne baadaye akafa.

Mi mwenyewe nilichelewa. Sitataja mtu wala ukumbi. Raundi nane, bondia wetu aliongoza tatu za mwanzo halafu gesi ikaisha. Kuanzia ya tano miguu ilikuwa inapiga paa paa na nikaiona, taulo ilikuwa begani, nikajiambia refa yuko karibu kuliko mimi ataona. Baadaye nilikuja kuongea na yule refa, akaniambia alikuwa anaangalia kona yetu, akaona hatujashtuka, akasema hawa ndio wanamjua. Daktari hakuitwa na yeyote. Alimaliza zote nane, akapoteza kwa pointi, ukumbi ukampigia makofi, ati moyo wa simba. Kwa matatu akaniuliza kama ameshinda. Nikamwambia. Tulipofika daraja la pili akaniuliza tena, sauti ileile, maneno yaleyale, na akaniuliza mara ya tatu akiwa anatapika dirishani na makanga anatutukana. Tulimpeleka akalazwa, alipona, hajapigana tena. Ana duka dogo la vipuri vya bodaboda siku hizi na ameandika bei zote kwa ukuta na kalamu ya rangi, kubwa kubwa, hata za vitu viwili vitatu ambavyo hata mimi nimevishika bei.

Sasa uende wapi?

Nilimwambia hivi. Kama ni kupanga kwa sheria peke yake, ridhaa iko juu, MMA ya pili, kulipwa ya tatu na kulipwa raundi sita na promota ambaye hujawahi kumsikia ni ya mwisho kabisa, hata kickboxing inaipita. Lakini sheria haisimamishi pambano, mtu ndiye anasimamisha, na hapa Nairobi marefa wa ndondi wamesimamisha mapambano mengi kuliko wa MMA ambao mchezo wenyewe bado ni mchanga, kwa hivyo MMA ya hapa naishusha, inakuja karibu sawa na kulipwa. Mtu wa Nairobi akitaka MMA aende, lakini akae mazoezini mpaka kugonga kuwe rahisi kama kupiga chafya, na siku ya pambano aulize refa ni nani na amesimamia mangapi.

Kwa kulipwa nilimpa masharti. Raundi nne kwanza, si sita. Ambulensi iwe imeegeshwa, si imeahidiwa, uende uishike na mkono uangalie kama ina dereva. Kona iwe yako, si ya promota, juu mtu anayelipwa na mwenye tamasha hatarusha taulo raundi ya tatu. Mkutano wa sheria kabla ya pambano uende uulize, kuangushwa mara tatu kwa raundi moja kunamaliza pambano ama hakumalizi, kengele inakuokoa ukiwa unahesabiwa ama haikuokoi, taulo inakubalika ama lazima tupande. Promota akikasirishwa na hayo maswali basi umeshapata jibu lake. Alikasirika, kwa njia. Alisema kijana ameanza kuwa na wakili.

Kwa sasa amebaki ridhaa, mwaka mmoja zaidi, na mimi na yeye tumewekeana swali. Kumuuliza bondia uko sawa hakuna maana, kila mtu yuko sawa. Kwa hivyo kwa kigoda namuuliza, tunashuka wapi? Stendi yetu ya nyumbani anaijua tangu akiwa na miaka sita, akikosea ama akikawia, taulo inaenda, na hakuna kubishana.

Jumamosi iliyopita sparingi ilikuwa kali, kuna kijana wa Kariobangi alimpata na mkono wa kulia mzuri mwisho wa raundi ya pili. Akakaa. Nikammwagia maji, nikamuuliza, tunashuka wapi? Akaniangalia, akatabasamu na kinga ya meno, akasema Githurai.

Hatujawahi kuishi Githurai. Akaona uso wangu akaanza kucheka, anko, ilikuwa mzaha, si unajua najua, tunashuka Kayole Junction. Nikaanza kumfungua glavu ya kushoto.